Ukuta wa Damari

Gundi ilikataa kukauka. Iyunga ya Mbeya, mwezi wa tatu, hakikauki kitu, si nguo, si kuni, si viatu, na Eveline alilijua hilo tangu mvua zilipoanza, lakini kopo la gundi liliandikwa kwamba nusu saa inatosha na yeye akaamini maandishi. Sasa kulikuwa kumekucha, umeme umekatika, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Vibao vyake vinne vya hardibodi vilikuwa vimeegeshwa kwenye ukuta wa chumba alichopanga, na karatasi zilizobandikwa juu yake zimeanza kubanduka pembeni. Saa nne alitakiwa asimame navyo mbele ya jopo.

Alikuwa mwaka wa kwanza wa usanifu wa ndani, katika chuo kilichokuwa ghorofani juu ya maduka ya vipuri, kando ya barabara kuu. Chuo kilikuwa na jina refu la Kiingereza na choo kimoja. Mwalimu wa studio aliitwa Liberatus, na wanafunzi walitakiwa wamwite Sir. Sir aliwafundisha kwamba usanifu una hatua zake na hatua hazirukwi: unamsikiliza mteja, unapima chumba, unachora miduara ya kuonyesha nani anafanya nini wapi, halafu wazo, halafu mchoro, halafu modeli, na mwisho jopo. Kila hatua ina muhuri. Muhuri ulikaa kwenye droo ya Sir, na droo ilifunguka siku ambazo Sir alijisikia.

Anayefeli studio harudii somo, anarudia mwaka. Mama yake Eveline, ambaye ni mama lishe kule Ipogolo, Iringa, anapikia madereva wa malori tangu Eveline hajazaliwa, alimwambia siku anamsindikiza, "Mwaka ni huu, mwanangu. Mwingine sina." Hakusema kwa hasira. Alisema huku anamfungia ugali wa njiani.

Kazi ya muhula ilikuwa sebule ya mteja halisi. Eveline hakwenda mbali. Alimchukua mwenye nyumba wake, Mzee Anyelwisye, mstaafu wa reli, mjane, Mnyakyusa wa kutoka Tukuyu, anayeishi na mwanawe Isaka na mke wa Isaka aitwaye Damari. Sebule ya mzee ilikuwa ya giza, na ukuta mnene uliitenga na jiko. Eveline alimsikiliza mzee, akamsikiliza Isaka, akapima, akachora. Mwisho akaja na wazo: ukuta uvunjwe, jiko na sebule viwe kitu kimoja, katikati iwekwe kaunta ya mbao.

Sir alifurahi kupita kiasi. Aliuinua mchoro darasa zima lione. "Hiki ndicho kinaitwa kisasa," alisema, akagonga muhuri mpaka meza ikatikisika. Isaka naye alipouona ule mchoro wenye rangi na muhuri wa bluu, ikawa basi tena. Aliacha kuuita kazi ya shule. Akaanza kuuita ramani.

Asubuhi hiyo Isaka alikuwa uani anafuta kioo cha bajaji yake. "Dada Eve," alisema, "leo ndo leo. Fundi Jailos anakuja mchana kuvunja. Ukirudi chuo unakuta sebule ya Kizungu."

"Leo hii?"

"Sa tunasubiri nini? Si imepitishwa?"

Eveline alitabasamu. Hakuna haja ya kumficha: alisikia raha. Wenzake darasani wangebaki na modeli za maboksi, yeye mchoro wake unajengwa. Isaka akawasha bajaji, akaondoka zake kutafuta abiria.

Kwa kuwa gundi ilikuwa bado haijashika, Eveline alibeba vibao na modeli yake kwenda jikoni kwa Damari, kwenye joto. Jiko lilikuwa na mlango wake wa kutokea uani. Damari alikuwa amechuchumaa anachochea mkaa, kanga imefungwa vizuri kichwani.

"Ugonile, dada Damari. Naomba nianike hapa kidogo."

"Anika tu, mdogo wangu." Damari aliitazama ile modeli, nyumba ndogo ya boksi isiyo na paa. Akainama. Akatazama sana. "Hapa ni sebuleni?"

"Ndiyo."

"Na hapa ni jikoni?"

"Ndiyo. Kaunta hii hapa. Unapika huku unaongea na watu."

Damari aliigusa ile kaunta kwa ncha ya kidole. Halafu akauliza, taratibu, kama anayeuliza bei ya kitu anachojua hawezi kukinunua, "Na mimi nitakuwa wapi?"

"Si hapo? Nyuma ya kaunta."

"Mbele ya baba mkwe?"

Toka chumba cha mbele kilisikika kikohozi, mara mbili. Damari aliacha kijiti cha kuchochea, akasimama, akajibana nyuma ya mlango wa uani, kanga ameivuta usoni. Mzee Anyelwisye alipita uani kwenda chooni, akitazama mbele tu. Aliporudi akakohoa tena, akaingia ndani. Damari akatoka, akachuchumaa, akaendelea na mkaa.

Eveline alikuwa ameishi nyumba ile tangu mwezi wa kumi. Kile kikohozi alikisikia kila siku. Aliwahi hata kumnunulia mzee tangawizi na kumshauri aende akapimwe kifua, na mzee akampokea tangawizi yake kwa adabu, akasema ndaga, asante ya kwao. Na Damari kujificha alikuona pia. Alidhani wamegombana.

"Sisi kwetu," Damari alisema, "mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe. Hamtazami, hakai naye, hamtaji jina. Wengine mjini wameacha. Sisi hatujaacha. Mzee anakohoa nijue anapita. Mi chakula naweka kwenye kigoda pale mlangoni, nagonga, naondoka. Yeye anachukua. Miaka yote hatujakoseana."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Hakuwa amemuuliza. Eveline alikumbuka ile siku ya hatua ya kwanza, alivyokaa sebuleni na kalamu yake, mzee kwenye kochi, Isaka kwenye kochi, na chai imeletwa kigodani na mkono ambao mwenyewe hakumwona. Alimsikiliza kila aliyekuwa na mahali pa kukaa. Kwao Uhehe mkamwana anapiga goti, anaamkia, anaendelea na shughuli zake, na yeye akadhani dunia nzima ni Ipogolo.

"Isaka anajua hii?"

"Nilimwambia. Anasema ushamba. Anasema chuo kimepitisha. Na mzee nyumba ameshamwachia yeye, hampingi." Damari alipuliza mkaa. "Wakishavunja, mi siwezi kuingia humu. Nitapikia mvuani. Au nirudi kwetu, maana mwanamke asiyeweza kuingia jikoni kwake anakaa kwa nani?"

Eveline alitoka uani akampigia Isaka. Kelele za barabarani zilijaa kwenye simu.

"Kaka Isaka, ule mchoro una makosa. Msivunje."

"Makosa gani? Si una muhuri?"

"Niliukosea mimi."

"We ni mwanafunzi, dada. Mwalimu wako ndo anajua, na kagonga." Akacheka. "Nimeshampa fundi advansi. We lete mchoro mwingine wenye muhuri, hapo nitamsimamisha. Nipigie."

Akakata.

Basi ikawa hivyo. Eveline alitazama vibao vyake. Angeweza kwenda navyo kama vilivyo. Vilikuwa vimekwisha kupendwa, jopo lingemaliza haraka, yeye angefaulu, na mama yake angejua mwaka haukupotea. Ukuta ni wa Isaka, mke ni wa Isaka. Aliwaza hivyo kwa muda wa kutosha kujichukia.

Halafu akavigeuza. Kwa nyuma hardibodi ilikuwa kavu na tupu. Akabandika karatasi za manila kwa uji wa unga uliobaki kwenye sufuria ya Damari, maana uji unashika kuliko gundi ya dukani, akachukua rula na penseli. Safari hii alianza hatua ya kwanza upya, akiwa amechuchumaa kando ya mkaa.

"Chakula unakipitishia urefu gani?"

"Hapa." Damari aliweka mkono kiunoni.

"Ukiweka sahani, unataka umwone?"

"Nataka nijue kachukua. Kumwona sitaki."

Eveline akachora ukuta ukiwa pale pale. Ndani ya ukuta, kwenye usawa wa kiuno, akachora kikabati chenye vilango viwili, kimoja cha jikoni, kingine cha sebuleni. Damari anaweka sahani, anafunga kwake, anagonga. Mzee anafungua kwake. Juu kabisa, chini ya dari, akaweka madirisha membamba ya kioo, ili mwanga wa jikoni uingie sebuleni bila uso wa mtu kuingia. Kwenye modeli akarudisha ukuta kwa kipande cha boksi la sabuni. Kilikuwa kitu kizuri. Kilikuwa kizuri kuliko kile cha kwanza, na hilo alilijua mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Mvua ilianza alipofika chuoni. Umeme haukuwepo huko pia, na chumba cha studio kilikuwa na giza la mchana. Jopo lilikuwa watu wawili, Sir Liberatus na mkuu wa idara, mama mmoja mtu mzima aliyekulia Rungwe, aliyevaa koti la sufu na kushika kikombe kwa mikono miwili.

Alipoitwa, Eveline alisimamisha vibao upande wa penseli.

Sir alitazama kwa muda mrefu. "Eveline. Hii ni nini?"

"Ni sebule ya Mzee Anyelwisye, Sir. Nimebadilisha."

"Mimi nilipitisha sebule ya wazi. Hapa naona ukuta."

"Ukuta ulikuwepo, Sir. Nimeuacha."

"Kwa hiyo muhula mzima umefanya kazi ya kuacha ukuta."

Darasa lilicheka. Lilicheka kwa sababu wote walikuwa bado kuitwa, na mwalimu akichekesha, anayebaki kimya ndiye anayefuata. Eveline alisubiri wamalize.

"Nilikosea hatua ya kwanza, Sir. Niliwasikiliza wanaokaa sebuleni. Sikumsikiliza anayepika." Akaeleza. Akaeleza kikohozi, kigoda, kanga usoni. Akafungua vilango vya kikabati kwenye modeli, kimoja, kisha kingine.

"Huyo anayepika ndiye anayelipia hii kazi?"

"Hakuna anayelipia, Sir. Ni kazi ya darasa."

Safari hii darasa lilicheka upande mwingine, na hapo ndipo Eveline alipokwisha. Shingo ya Sir ilivimba. Mtu wa aina yake unaweza kumwambia nyumba inaungua akakusikiliza, lakini si kumchekesha mbele ya watu.

"Sikiliza, binti. Hapa tunafundisha viwango vya kimataifa. Mambo ya mtu kujificha na mkwe wake peleka kwa wazee wa ukoo. Na hii penseli ni nini? Nilisema kazi ichapwe. Na hizi hardibodi za dari? Nilisema foam bodi."

Foam bodi Mbeya nzima iliuzwa na stationery moja, na aliyekaa kaunta pale alikuwa shemeji yake Sir. Hilo lilijulikana na kila mtu, kwa hiyo hakuna aliyelisema.

Eveline alimtazama mkuu wa idara. Yule mama alikuwa ameacha kunywa. Alikuwa ameinamia modeli, na kidole chake kilikuwa kinafungua na kufunga kile kilango kidogo cha upande wa jikoni. Kwa muda kidogo ilionekana kama atasema neno. Kisha akajiegemeza nyuma.

"Mabadiliko haya yalisainiwa?" aliuliza.

"Hapana, Madam. Nimegundua leo asubuhi."

"Basi tufuate utaratibu," alisema, akitazama kikombe chake.

"Sir," Eveline alisema, na sauti yake sasa haikuwa ya mwanafunzi, ilikuwa ya mtu anayeomba maji, "marks uninyime. Naomba muhuri tu kwenye hii. Fundi anavunja ule ukuta mchana huu, kwa muhuri wako. Mtoto wa mwenye nyumba anasema bila muhuri mwingine hasimamishi."

Sir alifungua kalamu ya rangi. "Muhuri wa chuo haugongwi kwenye makosa," alisema, na juu ya ukuta wa penseli, juu ya kikabati na madirisha membamba, akaandika kwa wekundu, herufi kubwa za kukatisha kibao kizima: RUDIA.

Akaitwa mwingine.

Mkuu wa idara alimkuta kwenye ngazi, anafunga vibao kwa kamba ya katani. Alitazama juu, akatazama chini, kuona kama kuna mtu.

"Mimi baba mkwe wangu alifariki sijawahi kumwona uso," alisema kwa sauti ndogo. "Kazi yako nimeielewa."

"Sasa mbona hukusema, Madam?"

Yule mama alirekebisha kola ya koti lake. "Utarudia mwakani, utafanya vizuri tu," alisema, akapanda zake. Eveline hajawahi kumchukia mtu kama alivyomchukia yule mama pale kwenye ngazi. Sir alikuwa mjinga, na mjinga unaweza kumwacha. Huyu alijua.

Alimpigia Isaka, simu haikupokelewa. Akampigia tena. Bajaji za kwenda kwake zote zilikuwa zimejaa kwa sababu ya mvua, kwa hiyo alitembea ukingoni mwa barabara, vibao kichwani, malori yakimrushia matope mpaka kiunoni.

Nyumbani alikuta vumbi limetoka mlangoni na kuganda kwenye maji ya uani kama ugoro. Fundi Jailos alikuwa amepiga katikati ya ukuta tundu la kupitisha ng'ombe, matofali yamemwagika pande zote, kisha akaenda kujikinga mvua kwenye baa, nyundo na misumari yake ameviacha juu ya kifusi. Sebuleni, Mzee Anyelwisye alikuwa amekaa kwenye kochi lake, uso ameugeuzia ukuta wa barabarani, mgongo kwa lile tundu. Alikuwa anakohoa. Alikohoa, akapumzika, akakohoa tena, hakuna anayepita, mzee anakohoa tu kwa sababu hakujua afanye nini kingine kumlinda mkwe wake.

Damari alikuwa uani, chini ya upenu, jiko la mkaa mvuani. Mkaa ulikuwa umezima. Kanga yake ilikuwa imelowa yote, na kando yake kulikuwa na begi lililofungwa.

"Muhuri?" aliuliza.

Eveline alitikisa kichwa.

Damari akaliangalia begi. "Hajala tangu asubuhi," alisema. "Ningeondoka, lakini hajala."

Hapo hasira ilimpanda Eveline mpaka meno yakauma. Alifungua kamba. Akachukua fito mbili zilizobaki za banda la kuku, akaingia ndani akazisimamisha ndani ya lile tundu, akazikaza kwa vipande vya matofali. Akashika nyundo ya Jailos. Kibao cha kwanza, cha pili. Karatasi za rangi zenye muhuri wa bluu zilitazama sebuleni, na penseli ikatazama jikoni. Pembeni, palipobaki wazi, akaning'iniza shuka la kitanda chake. Kibao cha tatu na cha nne alivipandisha juu, na katikati ya safu mbili, kwenye usawa wa kiuno, akaacha nafasi ya kupita sahani.

"Ingia," alimwambia Damari.

Damari aliingia kwa mlango wa uani akiwa amejifunika, akatazama, kisha taratibu akafunua uso. Akasogea karibu na vibao. Akasoma zile herufi nyekundu.

"Urudie nini?"

"Mwaka."

Damari alitoka akaliingiza ndani jiko la mkaa. Alitandika mkaa mkavu, akapuliza, akasonga ugali wa haraka, akapasha maharage ya jana. Akaweka sahani kwenye ile nafasi, akagonga kibao mara moja kwa kiganja, akarudi nyuma. Kikohozi kikakoma. Mkono wa mzee ukaonekana, wenye mishipa, ukaivuta sahani.

"Ndaga," sauti ilisema upande wa pili. "Ndaga fijo."

Walikuwa bado wamesimama vile vile Isaka alipoingia, maji yanamchuruzika. Alitazama kaunta yake ambayo haikuwepo. Alitazama shuka.

"Nani kaweka hii takataka?"

"Mimi," Eveline alisema.

"Una muhuri?"

"Sina."

"Basi kesho Jailos anatoa hii na anaendelea. Na wewe mwisho wa mwezi utafute chumba kwingine, dada. Nyumba ya watu siyo studio."

Upande wa sebuleni mzee aliacha kutafuna. Damari hakuvuta kanga, hakutazama chini. Alisogea mbele ya mumewe, akaweka viganja vyake viwili kwenye kibao cha juu, kilichokuwa kinalegea, akakikandamiza kwenye fito.

Eveline alichota misumari ya Jailos, akaibana mdomoni. Akatoa mmoja, akaupigilia.